Dalali anaogopa kuuliza kwa sababu ya kamisheni

Wiki hii mmeuliza: "Mtaalamu akiomba msaada mbele ya mteja, anajishushia hadhi?" Mimi ni dalali wa viwanja na nyumba hapa Mwanza, na kwa ninavyoiona kazi yetu, hilo la hadhi ni kisingizio. Dalali asiyeuliza anaogopa kugawana kamisheni.

Mchukulie dalali wa Pasiansi aliyepata mteja anayetaka kiwanja Buhongwa. Akimpigia mwenzake wa kule amuulize bei na historia ya eneo, ameshamtonya kwamba kuna hela inakuja. Kesho mteja hapokei simu, wiki ijayo anasikia kishika uchumba, yaani malipo ya awali ya kiwanja, kimeshatolewa kupitia dalali mwingine. Basi jamaa anajikaza, anajifanya anaijua Mwanza yote, Nyegezi mpaka Kisesa. Nani anaijua yote? Kisesa yenyewe iko wilaya ya Magu. Buswelu ni Ilemela, Mkolani ni Nyamagana. Halmashauri tofauti, mafaili tofauti, maofisa tofauti. Anayekwambia hana haja ya kumuuliza mtu anabahatisha, tena kwa hela ya mteja.

Kwenye viwanja vya ziwani ndiyo kabisa. Kila mtu anataka kiwanja cha kugusa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na hizo mita 60 kila dalali anazitaja. Kazi iko kwenye kujua zinaanzia wapi, maana Ziwa Victoria halitulii. Lilipanda sana mwaka 2020, likapanda tena 2024, na waliojenga pembezoni waliyakuta maji mlangoni.

Nilimpeleka mteja mmoja upande wa Luchelele, nikiwa na mpima ardhi. Muuzaji akatuonyesha mipaka yake: kutoka mwembe ule hadi majini. Mpima akasimika mashine yake, akaanza kazi. Mimi nikamfuata mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu kivulini.

"Shikamoo mzee. Hapa maji yamewahi kufika wapi?"

"Marahaba." Hakunyanyua hata macho. "Zile mvua za Uhuru nilikuwa mtoto. Mitumbwi ilifungwa kule." Akaelekeza kwa sindano ya wavu kwenye jiwe lililo upande wa juu wa mwembe.

Mteja alikuwa anasikia. Akaja, akasalimia, akakaa chini na kuanza kuuliza ya kwake: upepo, mbu wa jioni, nani analala pale usiku. Mpima alipomaliza, mita 60 zilikuwa zimemeza karibu kiwanja chote. Hakununua. Kamisheni ilienda na maji, mpima nikamlipa kama tulivyopatana, na sitadanganya kwamba haikuniuma. Ila sikuona hadhi yoyote iliyodondoka pale. Mteja aliagana na mimi vizuri, akaomba tuendelee kutafuta.

Karatasi nazo zina watu wake. Kiwanja chenye hati unaenda kuomba upekuzi ofisi ya ardhi, unajua kama hati imewekwa rehani benki au ina zuio. Hilo halihitaji ujanja. Lakini wakili mzuri huona yasiyoandikwa kwenye faili. Ninayefanya naye kazi huanza na muuzaji taratibu, kama wanapiga soga tu: "Na mama yuko wapi leo?" Ukiona mtu anaanza kutafuta maneno, ujue kuna jambo. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi, na bado wanaume wanakuja na hati mkononi wakisema "mke wangu hana neno". Kama nyumba ni ya marehemu, wakili hataki muhtasari wa kikao cha ukoo. Anataka uteuzi wa msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani.

Kuuliza kwenyewe kuna kuuliza na kuuliza. Wapo wanaomalizia kwa mwenyekiti wa mtaa, wakipata mhuri wanajiona wameshamaliza. Mwenyekiti anamfahamu muuzaji, anawafahamu majirani, na kwa hilo ni msaada mkubwa. Hawezi kukwambia kama ramani ya mipango miji imepitisha barabara katikati ya hicho kiwanja au imekitenga kwa shule. Hilo kamuulize ofisa mipango miji. Na hawa vijana wanaorusha video za viwanja mtandaoni, muziki juu, bei chini, mwulize mmoja kama ameiona hiyo ramani.

Milimani, wa kuulizwa ni fundi. Isamilo na Bugando kunapendeza kwa macho, lakini jiwe unaloliona juu si lote. Fundi aliyezoea kupasua mawe anazunguka na nyundo, anagonga huku na huku, kisha anakwambia msingi utakula nini. Bei ya kiwanja hushuka hapo hapo, na kamisheni nayo.

Turudi kwenye hela, maana ndiyo kiini. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kupatana kabla jina la mteja wala la mtaa halijatajwa. Namwandikia mwenzangu kwa WhatsApp: "Mteja ni wangu, eneo ni lako, nusu kwa nusu, na mpima tunamlipa sote. Unakubali?" Akijibu ndiyo, tunaendelea, na maandishi yapo. Akianza "tutaongea kaka, usijali", natafuta mwingine. Wapo waliojibu ndiyo wakanizunguka kwa mteja hivyo hivyo. Hao hawapati ujumbe wa pili kutoka kwangu.

Mwenzangu mmoja wa Igoma tulianza naye kwa kuviziana, kila mmoja akimficha mwenzake namba ya mwenye nyumba. Juzi kanipigia: ana familia inahamia kutoka Musoma, wanataka nyumba ya kupanga Kitangiri, na bei za huku hazijui. Hata salamu hatujaimaliza, akataja mgawo.