Sarafu Kuukuu: Maswali Yenu Kuhusu Tofauti za Muhuri

Shilingi yangu ya Afrika Mashariki ina herufi mbilimbili. Ni adimu? (Msomaji, Umoja)

Itazame kwa lenzi ya mara 10, taa ikimulika kutoka ubavuni. Nakala ya pili ya herufi ikiwa bapa, imelala chini kama kingazi, na herufi yenyewe imekondeana, basi muhuri (chuma cha kugongea sarafu) ulitikisika wakati wa kugonga. Za namna hiyo ni tele. Usilipe hata shilingi moja zaidi. Muhuri uliochongeka maradufu huacha herufi zote mbili zimeinuka, za mviringo, na ncha zake zina pengo dogo. Kila sarafu iliyogongwa na muhuri huo itakuwa na alama ileile, kwa hiyo tafuta mwenzake kabla ya kuitangaza. Mstari pia una siri yake: ulioinuka ni ufa wa muhuri, ulioingia ndani ni mkwaruzo tu.

Heller 20 za Tabora nizipange vipi? (Pangani)

Hakuna uwanja mzuri zaidi wa kujifunzia katika eneo letu. Sarafu hizi za Afrika Mashariki ya Kijerumani ziligongwa mwaka 1916 katika karakana ya reli huko Tabora, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na vita, kwa shaba nyekundu na shaba ya njano. Anza na metali: uchafu huifanya ya njano ifanane na nyekundu, basi chungulia ukingoni, wala usikwangue. Kisha taji: kubwa au dogo? Halafu L mbili za neno HELLER: ncha zimechongoka, zimejikunja zote, au imejikunja ya L ya pili peke yake? Andika yote matatu kwenye bahasha ya sarafu, kwa maana bei hufuata mchanganyiko huo. Ugongaji hafifu usikutishe, kazi ilikuwa ya haraka. Tishika ukiona vijitundu vidogo usoni na mshono ukingoni: hiyo imemiminwa kwenye kalibu, ni bandia.

Ndururu (senti 5) na peni (senti 10) za 1936 zenye jina la Edward VIII? (South B)

Zipo zenye H (Heaton, Birmingham), zenye KN (Kings Norton) na zisizo na herufi. Hizo ni alama za kiwanda, si tofauti za muhuri, ila kusanya zote tatu.

Nizisugue kwa ndimu zing'ae? (Kawangware)

Hapana! Asidi hula uso, na mistari midogo unayoitafuta hupotea milele. Loweka kwenye maji safi yaliyochujwa chumvi, au asetoni tupu mbali na jiko, si ile ya kutolea rangi ya kucha yenye mafuta na manukato. Kausha kwa kugusagusa. Vifuko laini vya plastiki ya PVC navyo huacha utando wa kijani. Tumia vya polipropilini.

Naweza kumtumia mnunuzi Ulaya paisa ya Mombasa ya 1888? (Eastleigh)

Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 huhesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Ulizia Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, kabla ya kupokea malipo.