Mtoto wiki sita na machozi hayakauki: titi au dawa?

Dada, umeuliza kama uache kunyonyesha uanze dawa ya sonona, kwa sababu chuchu zina vidonda, unalia kila siku, na unaogopa huzuni yako inamharibu mtoto.

Usikatishe ghafla. Matiti yatajaa mpaka yawe magumu kama jiwe, kisha uvimbe na homa. Ukiamua kuachisha, punguza mnyonyo mmoja kila siku tatu hadi tano. Ila huenda usihitaji: sertralini, mojawapo ya dawa za sonona, hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, ndiyo maana madaktari wengi huanza nayo kwa mama anayenyonyesha. Nafuu huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo usiitupe siku ya sita.

Kilio cha siku ya tatu au ya tano baada ya kujifungua huisha chenyewe ndani ya wiki mbili. Wiki ya sita si hicho tena. Omba kipimo cha Edinburgh, dodoso la kutambua sonona baada ya kujifungua: maswali 10, kila moja alama 0 hadi 3. Ukipata 13 au zaidi, uwezekano wa sonona ni mkubwa, na 10 haipuuzwi. Swali la mwisho linahusu kujidhuru. Ukijibu chochote kisichokuwa "kamwe", mwone mhudumu leo hii, jumla iwe ndogo kiasi gani. Na ukianza kusikia sauti wasizosikia wengine, au kukesha usiku kucha bila kuchoka, hiyo ni dharura ya hospitali. Upimwe pia upungufu wa damu na hitilafu ya tezi ya shingo (thyroid). Zote mbili huiga sonona vizuri mno.

Kuna huzuni nyingine wengi hawaijui: inakushukia ghafla sekunde chache kabla maziwa hayajatiririka, kisha ndani ya dakika chache imeondoka. Hiyo inatokana na maziwa kushuka, wala haina maana kwamba humpendi mtoto. Mweleze daktari inakuja saa ngapi hasa.

Vidonda vya chuchu karibu kila mara ni mshiko, yaani jinsi mtoto anavyolishika titi. Pua ya mtoto, si mdomo, ielekee chuchu. Subiri apanue kinywa kama anayepiga miayo, kisha mlete yeye kwenye titi, kidevu kitangulie. Chuchu ikitoka bapa, imebanwa upande mmoja, alishika ncha tu. Usiivute: penyeza kidole kidogo kwenye kona ya mdomo, uachilie, uanze upya.

Usingizi nao ni tiba. Tafuta saa nne au tano mfululizo. Kamua kabla ya kulala, mtu mwingine amlishe. Maziwa hayo hukaa saa nne kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25.

Kuhusu kumharibu: miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick aliwaomba akina mama wakaushe uso, bila kutabasamu wala kujibu, mbele ya watoto wao kwa dakika chache. Watoto walijaribu kuwachokoza, wakashindwa, wakageuka. Watu hukomea hapo. Lakini mama aliporudi kucheza, mtoto naye alirudi, hata kama kwa kununa kidogo kwanza. Hata mama asiye na sonona hupishana na mwanawe mara nyingi kwa siku. Kinachomjenga mtoto ni kule kurudiana.

Kwa hiyo akiwa macho na ametulia, sogeza uso wako kama sentimita 25 hivi, sema neno, kisha nyamaza. Hesabu polepole hadi kumi. Atajibu kwa mguno, kwa ulimi, kwa mguu. Akigeuka pembeni anapumzika, hajakukataa. Mwache arudi mwenyewe. Tabasamu likigoma usilighushi, sauti yako inatosha.