Kabla hujatangaza kichocheo kipya

Wadogo zangu mnaoanza uzamivu, juzi nimeletewa tena spektra (michoro ya vipimo) za "kichocheo kisicho na metali", yaani kitu cha kuharakisha mmenyuko wa kemikali, na mwenye nazo ameshaanza kuandika ikisiri. Nikauliza, blanki iko wapi? Hajafanya. Nawapenda, ndiyo maana nasema kwa ukali.

1. Blanki ndiyo mmenyuko wa kwanza, si wa mwisho. Joto lile lile, muda ule ule, kila kitu isipokuwa kichocheo.

2. Iogopeni paladiamu, metali ya mpito inayotumika sana kama kichocheo. Mwaka 2003 mwanakemia Nicholas Leadbeater na mwenzake walitangaza kwamba mmenyuko wa Suzuki, ule wa kuunganisha molekuli mbili kaboni kwa kaboni, unakwenda ndani ya maji, kwenye maikrowevu, bila metali yoyote ya mpito. Hawakuwa wazembe: walipima paladiamu na vipimo havikuiona. Mwaka 2005 kundi la Leadbeater lenyewe likaandika upya. Paladiamu ilikuwemo ndani ya sodiamu kaboneti ya dukani, sehemu 50 tu kwa bilioni, na kiasi hicho kilitosha kuendesha kazi yote.

Hebu fikirini. Kaboneti! Kitu tunachokichota kwa kijiko bila kukiangalia mara mbili. Besi kama hiyo huwekwa kwa wingi kuliko kichocheo, kwa hiyo uchafu wake unaingia nao kwa wingi, na kwa paladiamu chembe kidogo hufanya kazi kubwa. Mtu anaweza kusafisha kila kitu mezani akasahau hicho tu. Mimi makala ile ya 2005 naiheshimu kuliko ya kwanza. Kuandika kwa jina lako kwamba maelezo yako ya awali hayasimami kunauma, nao walifanya hivyo wakatupa na namba ya kujilinda nayo.

Ungedhani tumesikia. Mwaka 2021 ikatoka makala nyingine, safari hii amini, kampaundi ya nitrojeni, ndiyo iliyosifiwa kuwa kichocheo cha muungano ule ule. Maabara nyingine zikairudia kazi, na kabla mwaka haujaisha makala ikaondolewa. Amini yenyewe ilitengenezwa kwa kutumia paladiamu, na masalia yalibaki ndani yake hata baada ya kusafishwa. Basi ukitengeneza kichocheo chako, orodhesha kila metali iliyowahi kukigusa tangu hatua ya kwanza, kisha peleka sampuli ICP-MS, kipimo kinachoona metali hata ikiwa kidogo mno. Usiseme "nilipitisha kwenye kolamu ya kusafishia".

3. Sumaku ya kukorogea ikishaingia kwenye mmenyuko wa paladiamu, usiiazime kwa kazi ya "bila metali". Tefloni inayoifunika huchubuka, metali hujificha humo, na kuiosha hakutoshi. Nunua mpya. Kijana mmoja alinikatalia hadi nilipompa sumaku mpya na chupa mpya, na bidhaa ikatoweka. Aliumia sana, nami niliumia naye, lakini ni afadhali aliumia akiwa maabara kuliko mbele ya watahini.

4. Rudia kwa kemikali za wauzaji wawili. Namba ya bachi ya kaboneti unayotumia iandike daftarini leo, kabla chupa haijaisha ikatupwa.