Katode ya majimaji

SWALI: Jambo papa mwalimu. Bwana wa dada yangu anasema Marekani walitumbukiza urani iliyokwisha kazi ndani ya metali ya majimaji wakaitoa nzuri tena, eti ni kama shaba yetu ya hapa. Ni kweli ao anatudanganya? Na mbona basi wanasema takataka yake inakaa miaka maelfu? – Msomaji, Kamalondo, Lubumbashi

JIBU: Shemeji yako hakudanganya mwanangu, ila kaacha kitu kimoja. Wewe umeshaona makamyo yakienda Kasumbalesa na zile katode za shaba (bamba za shaba safi) zimefungwa mafungu-mafungu, basi shaba ile ilikuwa imeyeyuka ndani ya maji ya asidi, umeme ukaivuta kidogo kidogo mpaka ikaganda kwenye bamba. Ya urani ni vile vile, ila badala ya maji kuna chumvi ya litiamu na potasiamu iliyoyeyushwa kwa digrii 500 hivi, kwenye chumba chenye gesi ya agoni (isiyoungana na kitu), na watu wanatumia mikono ya mashine nyuma ya kioo kinene kweli kweli. Walifanyia Idaho, kule Marekani, kwa fueli ya EBR-II, reakta (tanuri ya nyuklia) ya majaribio iliyotembea 1964 mpaka 1994. Vipande vya fueli vinakaa ndani ya kikapu, umeme unapita, urani inahama inaganda kwenye fimbo ya chuma; ile metali ya majimaji aliyosema shemeji inakuja baadaye.

Sasa hapa ndipo mimi napenda sana. Plutoni, metali inayozaliwa na urani ndani ya reakta, imeshikana na klorini ya ile chumvi kwa nguvu kuliko urani, ukiivutia kwenye fimbo haikai, inarudi ndani ya chumvi. Kwa hiyo wanateremsha kibakuli cha kadimi, metali inayoyeyuka kwa digrii 321 tu, ndiyo hiyo katode ya majimaji, plutoni ikiingia mule inaungana nayo, inatulia, pamoja na ndugu zake neptuni na amerisi. Baadaye wanachemsha ile kadimi, inapanda mvuke (sumu kali hiyo, ndiyo maana wanaikusanya yote), plutoni na wenzake wanabaki chini.

Faida iko. Fueli iliyotoka kwenye reakta za kawaida, kwa kilo 100, karibu 95 bado ni urani na 1 hivi ni plutoni. Na hiyo jamaa ya plutoni ndiyo hasa inaleta habari ya miaka maelfu, ukiitoa unaweza kuichoma kwenye reakta zinazoiweza.

Kitu alichoacha shemeji ni chumvi. Sezi na stronti, vipande vya urani iliyopasuka ndani ya reakta, zinabaki humo, zinapungua nusu kila miaka 30 hivi, na lazima zifungiwe ndani ya mawe ya seramiki zilindwe miaka mia kadhaa.