Konsoli Mpya Bila Gemu: Maswali Yenu Wiki Hii

Nimenunua konsoli mpya, nimeiwasha, na hakuna cha kucheza mpaka ninunue gemu. Ni sawa hii?

Si sawa. Aliyefungua boksi leo anataka kucheza leo. Atari walilijua hilo tangu 1977: mashine iliyokuja kuitwa Atari 2600 ilitoka na kaseti ya Combat pamoja na jostiki mbili. Watu wawili walichomeka, wakakaa chini, wakaanza kurushiana makombora ya vifaru papo hapo.

Kampuni inafaidika nini ikigawa gemu?

Inapata watu ambao isingewapata. Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo, ilipoingia Marekani mwaka 1989, mfanyabiashara wa gemu Henk Rogers alimshawishi Minoru Arakawa, mkuu wa Nintendo huko, aweke Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka, kwenye boksi badala ya Mario. Mario angewavuta watoto. Tetris iliwavuta na wazazi wao. Kisha ikaja Wii, konsoli nyingine ya Nintendo, 2006. Japani, gemu yake ya michezo, Wii Sports, iliuzwa peke yake. Marekani na Ulaya iliwekwa ndani ya boksi, na Reggie Fils-Aimé, aliyeongoza tawi la Marekani, ndiye aliyeipigania. Bibi ambaye hajawahi kugusa padi, kile kifaa cha vitufe cha kuchezea, alipewa rimoti, akapunga mkono kama anayepiga mpira wa tenisi, akaelewa kila kitu. Ziliuzwa Wii zaidi ya milioni 100.

Si watapandisha bei tu, halafu tunalipia gemu bila kujua?

Hofu yako ina msingi, ndiyo maana nataka bei zote mbili ziwekwe wazi. Switch 2, konsoli ya Nintendo, ilipotoka Marekani mwaka 2025, ilikuwa dola 450 yenyewe na dola 500 ikiwa na Mario Kart World, gemu ambayo peke yake ni dola 80. Hapo mnunuzi anapiga hesabu mwenyewe na kuchagua. Kilichoniuma ni Welcome Tour, programu inayokutembeza ndani ya mashine hiyohiyo na kukueleza inavyofanya kazi: wanaiuza dola 10. Umeshalipia mashine, kisha unalipishwa tena ili uonyeshwe ulichonunua. Hapana.

Basi gemu ya kuweka iwe ya namna gani?

Si lazima iwe kubwa. Iwe ile inayoifundisha mikono yako mashine mpya. Mfano wangu ni Astro's Playroom, iliyokuja ndani ya PS5, konsoli ya Sony, mwaka 2020 bila malipo ya ziada. Karoboti kanatembea juu ya mchanga, nawe unausikia mchanga viganjani. Mvua ikinyesha, padi inatetemeka kwa matone madogomadogo. Kakivaa springi, kitufe cha nyuma kinakuwa kigumu, inabidi ukikaze kidole kabla hakajaruka. Unapuliza kwenye maikrofoni ya padi, feni zinazunguka. Unaimaliza kwa saa chache tu, na ukiiacha tayari unajua padi ile ina tofauti gani na ya zamani. Hakuna kijitabu cha maelezo kinachoweza kukufikisha hapo.

Mbona Wii U, konsoli iliyoifuata Wii, ilikuja na gemu ya Nintendo Land na bado ikaanguka?

Kweli, ilikuwemo kwenye boksi la bei ya juu, na mashine zilizouzwa hazikufika hata milioni 14. Wengi walidhani ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii waliyokuwa nayo. Gemu ya ndani ya boksi inamsaidia aliyekwisha kununua. Asiyejua kinachouzwa hafiki hata kulifungua.