Nimesamehe, mbona bado inauma?

Kaka yangu aliuza shamba la marehemu baba kimyakimya, akala pesa peke yake. Sasa ameomba radhi na anataka asimamie nyumba iliyobaki. Nikikataa, nitakuwa sijasamehe? (Dada, Morogoro)

Hapana, dada yangu. Kusamehe ni jambo moja, kumkabidhi mtu mali ni jingine, na wengi wameumia mara mbili kwa kuyachanganya. Msome Yusufu. Ndugu zake walimuuza kwa vipande ishirini vya fedha. Walipofika Misri kutafuta chakula hakuwaua wala kuwauza, lakini pia hakujitambulisha siku hiyo. Alimzuia Simeoni, akadai Benyamini aletwe, akaagiza kikombe chake kifichwe kwenye gunia la huyo mdogo. Katikati ya hayo alikuwa akijitenga na kulia. Mimi naona alitaka kujua kama ni watu wale wale. Yuda aliposema abaki yeye mtumwa badala ya Benyamini, ndipo Yusufu akashindwa kujizuia.

Msamehe kaka yako leo mbele za Mungu. Nyumba isubiri. Aanze kwa kuwarudishia fungu lenu la shamba, na mkilazimika kwenda mahakamani kwa ajili ya mirathi, si dhambi.

Mume wangu ananipiga. Wazee wa kanisa wananiambia nisamehe nirudi. (Mama, Mbeya)

Usirudi kupigwa. Papa Yohane Paulo II alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981. Siku nne baadaye, akiwa hospitalini, alitangaza kwamba amemsamehe aliyempiga, na Desemba 1983 akamfuata gerezani wakazungumza. Mtu yule aliendelea kufungwa Italia hadi mwaka 2000. Msamaha wa Papa ulikuwa wa kweli, na kifungo kilikuwa halali. Nenda dawati la jinsia na watoto, kituo cha polisi. Nawasihi wazee wetu: msitumie msalaba kumrudisha mama wa watu kwenye kipigo.

Nilisamehe kwa moyo wote, lakini nikimwona tu uchungu unarudi. (Kijana, Mwanza)

Petro aliambiwa asamehe saba mara sabini. Pengine wewe umekosewa mara moja, ila umelikumbuka kosa lile mara sabini. Kila likirudi, samehe tena. Mwombee kwa jina lake, hata sentensi moja, hata kama umeuma meno. Na acha kulisimulia kwa watu wanaofurahia kulichochea.

Aliyeniharibia utoto wangu amefariki bila kuomba radhi. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

Pole sana. Stefano aliwaombea watu waliokuwa bado wanampiga mawe, na hakuna aliyekuwa ametubu. Kwa hiyo hufungwi na kimya cha marehemu. Mweleze Mungu ulichofanyiwa, bila kukipunguza, kisha umwachie Yeye hukumu. Tafuta pia mtu mmoja unayemwamini umwambie. Na ndugu wakikutaka usimame kumsifu marehemu kwenye arobaini, huna wajibu wa kusema uongo.