Kabla hujafuta kitu kwenye rejistri, hazina ya mipangilio ya Windows

Msimu wa kahawa uliopita niliitwa Mbozi, kwenye ofisi ya chama cha msingi cha wakulima. Kompyuta ya malipo ilikuwa na wiki tatu haijafanya bakapu, yaani nakala ya akiba. Mama mhasibu alikuwa ameanza kunakili kilo za kila mkulima kwenye daftari, kwa mkono. “Fundi, zikipotea hizi nitawaambia nini watu?”

Programu ya bakapu ilisema imeshindwa, basi. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameifuta na kuiweka upya mara mbili. Ningemshauri afungue Event Viewer kwanza, kumbukumbu ya makosa ya Windows. Mimi nilikuta humo kosa la VSS namba 8193, msimbo 0x80070539, na namba ndefu ya akaunti, S-1-5-21 na kuendelea, ikiishia na .bak. VSS ndiyo huduma ya Windows inayowezesha faili kunakiliwa hata zikiwa zinatumika. Ile .bak imeifanya namba isisomeke, VSS inakwama, bakapu inakwama nayo.

Namba hizo zinakaa kwenye rejistri, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\ProfileList. Tafadhali, usikimbilie kufuta. Rejistri haina Ctrl+Z. Ukifuta, kimeondoka papo hapo. Tangu Windows 10 toleo la 1803, Windows haijitunzii tena nakala ya rejistri kama zamani, na restore point, ile ya kurudisha Windows ilivyokuwa, nayo inategemea VSS hiyohiyo iliyogoma. Kwa hiyo fungua rejistri kwa programu ya regedit, bonyeza ProfileList, nenda File, kisha Export, na faili hilo liweke kwenye flashi.

Halafu soma ProfileImagePath ya hiyo .bak, mstari unaotaja folda ya mtumiaji. Hapa ndipo watu wanapoumia. Profaili, yaani faili na mipangilio ya mtumiaji, ikiharibika, mara nyingi Windows huibandika .bak ile ya kweli na kumfungulia mtumiaji desktop tupu. Ukiifuta hiyo, umefuta njia ya kurudi kwenye nyaraka zake. Ya Mbozi ilielekeza kwenye folda ya karani aliyeacha kazi, na folda yenyewe haikuwepo tena C:\Users. Nikamuuliza mama mara mbili, ndipo nikafuta.

Nikawasha upya, nikaandika vssadmin list writers, amri ya kukagua VSS, hali ya kila sehemu ikasoma Stable. Bakapu ikaenda mpaka mwisho. Nikarudisha faili moja kutoka kwenye bakapu hiyo, mama akalifungua, akaweka kidole kwenye daftari lake, akaanza kulinganisha kilo jina kwa jina.